Hedhi Inayotoka kwa Wingi: Namna ya Kuipima, Kuitafutia Sababu na Kuitibu

Wanawake wengi huzijua siku zao kwa kanga: ile ya rangi nzito inayovaliwa wakati huo tu, na ile nyingine inayokunjwa mara nne na kutandikwa juu ya shuka usiku. Mambo hayo yakishazoeleka, ni rahisi mtu kuishi miaka mingi akiamini kwamba kutokwa na damu nyingi ndiyo maumbile yake, hasa ikiwa mama na shangazi zake nao walikuwa hivyo hivyo.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu. Vitabu vya tiba huiita hedhi nzito inapozidi mililita 80 kwa mzunguko mmoja, lakini nyumbani hakuna anayeipima damu kwa mililita, kwa hiyo tumia daftari. Kwa miezi miwili andika tarehe ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya pedi au vitambaa ulivyobadilisha kila siku, kama vilikuwa vimelowa kabisa au nusu, na kama kulikuwa na mabonge ya damu yenye ukubwa wa sarafu au zaidi. Hedhi inayopita siku 7, inayokulazimisha kubadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, au inayokuamsha usiku kubadilisha, inahitaji kuchunguzwa. Ukilowesha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, ukasikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio, usingoje kujaza daftari. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Fanya hivyo pia ikiwa huenda una mimba, hata kama damu ni kidogo.

Ufikapo kituo cha afya, omba kipimo cha wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye na mimba, kiwango kilicho chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu wa damu. Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu mwili huzoea upungufu unaokuja polepole: mtu huendelea kwenda sokoni na kubeba ndoo, akidhani kuchoka kwake ni kwa kazi tu au kwa umri.

Baada ya kipimo cha mimba, sababu hutafutwa kwa kumkagua mgonjwa na kwa ultrasaundi. Ikiwa unapimwa kwa juu ya tumbo, mara nyingi utaambiwa unywe maji na kubana mkojo, kwa kuwa kibofu kilichojaa husaidia kizazi kuonekana vizuri. Yanayoweza kuonekana ni mengi, lakini lililo la kawaida sana miongoni mwa wanawake weusi ni uvimbe wa kizazi, yaani mayoma. Uvimbe huu hutokana na misuli ya kizazi chenyewe, hukua kwa kuchochewa na homoni za kike, na ni nadra mno kukutwa ni saratani. Mahali ulipo huwa na uzito kuliko ukubwa wake: mdogo uliochomoza ndani ya kizazi unaweza kumwaga damu kila mwezi, ilhali mkubwa ulioota upande wa nje ukaishia kubana kibofu na kukukojoza mara kwa mara. Usiogope unapoambiwa kizazi chako kina ukubwa wa mimba ya wiki 14. Ndivyo madaktari wanavyopima.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu maumivu ya chini ya tumbo yakishaitwa chango, huanza safari ya dawa za kuyeyusha uvimbe na kusafisha kizazi. Zile za kuweka ukeni ni za kuepukwa kabisa, kwani zinaweza kuunguza na kuleta maambukizi.

Uvimbe usiosumbua hauhitaji kutibiwa. Unaosumbua hutibiwa kwa kuangalia umri wako na kama bado unataka kuzaa. Vipo vidonge vya kupunguza damu vinavyomezwa siku za hedhi tu, kama vile asidi ya traneksamiki, ambayo haimfai aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa. Kipo kitanzi chenye homoni, kinachowekwa ndani ya kizazi, ambacho hupunguza damu sana. Usikichanganye na kile cha shaba, kwani hicho huweza kuizidisha. Upo pia upasuaji, wa kuondoa uvimbe peke yake au kizazi chote. Aliyeondolewa uvimbe na kubakiza kizazi aombe maelezo ya upasuaji kwa maandishi na kuyapeleka kliniki akipata mimba, kwa sababu huenda akahitaji kujifungua kwa kisu.

Wakati huo huo damu iliyopotea irudishwe kwa vidonge vya madini ya chuma. Wengi huvimeza pamoja na chai ya asubuhi, na chai huzuia madini hayo kufyonzwa. Vimeze kwa maji au juisi ya chungwa, na chai ingoje saa moja au mbili. Choo kitakuwa cheusi, jambo lisilo na madhara. Endelea navyo kwa takribani miezi mitatu baada ya damu kufikia kiwango chake, ili akiba ya mwili nayo ijae.

Aliyekoma hedhi kwa mwaka mzima kisha akaona damu, hata tone moja, aende kupimwa bila kuchelewa na asikubali kuambiwa ni uvimbe wa zamani kabla ya kizazi na mlango wake kuchunguzwa.