Somo: Kununua Canter (lori dogo la dizeli) iliyotumika Dar na kuileta Moshi au Arusha

Wadau wengi wa huku kwetu hushuka Dar na pesa mkononi, na jioni hiyohiyo wanataka wawe wameshapita Chalinze na gari. Naomba sana tuache haraka hiyo. Safari ya kurudi ni zaidi ya kilomita 550 hadi Moshi, na gari usilolijua litakuonyesha ubovu wake porini.

Hatua ya 1: Ikute injini ikiwa ya baridi
Mwambie muuzaji asiwashe kabla hujafika. Gusa injini, ukiikuta ya moto, rudi kesho alfajiri. Vuta dipstiki: oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ondoka. Kisha washa. Moshi mweupe kidogo asubuhi si neno, lakini ukiendelea injini ikishapata moto, nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya injini) au kompresheni ina shida. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi ukikanyaga mafuta, mara nyingi ni nozeli, pampu au filta ya hewa iliyoziba, na hilo linatengenezeka.

Injini ikiwa inanguruma, legeza mfuniko wa kujazia oili. Ukirukaruka na moshi ukatoka kwa mapigo, ringi za pistoni zimechoka. Mimi gari hilo silinunui hata bei ishuke vipi.

Hatua ya 2: Ingia uvunguni
Beba tochi. Angalia chesisi nyuma ya kabini na pale springi zinaposhikia: kama imechomelewa au imepakwa rangi mpya sehemu moja tu, uliza kwa nini. Tikisa propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu magurudumu ya nyuma) usikilize kama kros, yaani viungo vyake, zimelegea.

Hatua ya 3: Karatasi
Namba ya chesisi na ya injini zilingane na kadi ya gari. Kadi usiione kwa picha tu, huenda ya kweli iko benki kwa mkopo. Kagua faini za barabarani kwa namba ya gari, andikishaneni mkataba, na ubadilishe umiliki TRA mapema.

Hatua ya 4: Siku moja ya gereji
Badilisha oili na filta yake, filta ya dizeli, feni belti na mipira ya rejeta ukiwa bado Dar, maana spea utazipata Gerezani, mtaa wa maduka ya spea. Nunua filta na belti za akiba, na usisahau jeki, wili spana na pembetatu.

Hatua ya 5: Barabarani
Simama Kibaha. Kaza nati za magurudumu, chungulia uvujaji, sogeza mkono karibu na kila havu (kitovu cha gurudumu): moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki inashika au beringi inakufa. Vigwaza ingia mizani hata ukiwa mtupu, kwani sheria inahusu magari ya kuanzia kilo 3,500. Mwendo usizidi 80. Lala Korogwe. Kati ya Mombo na Same joto ni kali, macho yasitoke kwenye geji ya joto la injini. Wa Arusha, mtihani wenu ni mpando wa kukaribia Arusha.

Maswali ya wadau

*Mdau wa Tengeru: Kaka, dizeli iliniishia Hedaru. Nimejaza, haliwaki.*
Limeingia upepo kwenye njia ya dizeli. Legeza bolti ya kutolea upepo juu ya filta ya dizeli, pampu kwa mkono hadi dizeli itoke bila povu, kaza huku ukiendelea kupampu. Ndipo upige stata, na usiishikilie muda mrefu.

*Mdau wa Majengo, Moshi: Shikamoo. Naweza kuliwasha kwa betri ya gari dogo?*
Marahaba. Hapana. Canter nyingi ni volti 24, betri mbili za 12 zimeunganishwa. Tafuta lori lenzake la volti 24.

*Mdau wa Himo: Nipakie mzigo nifidie mafuta?*
Usipakie, ndugu yangu. Breki na springi bado hujazijua, na kubeba mzigo wa kulipwa kunahitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Lifikishe tupu, fundi wako alikague, ndipo uanze kazi.