Kabla Hujajiandikisha Kusoma Utalii na Usimamizi wa Matukio

Kozi hii huvuta watu wa aina mbili: wanaopenda kusafiri, na wale waliowahi kuandaa sherehe ya familia wakasifiwa mpaka wakaamini. Sina neno nao. Ila mwaka wa kwanza hutasafiri sana wala hutacheza muziki. Utakaa na namba, mikataba na ratiba, huku rafiki zako wa kozi nyingine wakikuuliza kama kweli kuna mtu hufeli utalii. Wapo, tena wengi. Jiandae.

Lugha ya ziada, anza sasa. Kompyuta, hasa kazi ya majedwali na fomula, ijue kabla ya wiki ya kwanza. Viatu vya kusimama kutwa nzima, nunua.

Hesabu usiikimbie. Si ngumu, lakini haina huruma. Tenga gharama zisizobadilika, kama ukumbi, mitambo na ulinzi, na zile zinazoongezeka kwa kila kichwa, kama chakula na beji. Tuseme zisizobadilika ni 6,000, tiketi ni 50, na kila mgeni anakugharimu 20. Kila tiketi inakuachia 30, kwa hiyo unahitaji wageni 200 ndipo usipate hasara. Sasa kama ukumbi una viti 180, shughuli hiyo imekufa kabla ya kuzaliwa, hata mabango yawe mazuri namna gani. Na wageni unaowahesabu wawe waliolipa. "Nitakuja" si malipo.

Maana za kitaalamu pia zina mitego. Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa, lenye makao Madrid, humhesabu mtu kuwa mtalii anapotoka nje ya mazingira yake ya kawaida kwa muda usiofika mwaka na kulala angalau usiku mmoja. Aliyekwenda kwenye mkutano wa kikazi akalala hoteli ni mtalii. Aliyekwenda kumwona shangazi yake nchi nyingine akalala huko naye ni mtalii. Anayeshuka melini asubuhi na kurudi jioni ni mgeni wa siku, si mtalii. Usipoelewa hili, takwimu zote utakazopewa utazisoma kombo.

Usishangae kwa nini utalii na matukio vimefungwa pamoja. Tarehe 5 Julai 1841, huko Uingereza, mwandaaji wa safari aitwaye Thomas Cook alikodi treni kuwapeleka watu wapatao 500 kutoka Leicester hadi Loughborough, kwa shilingi moja kila mmoja. Safari hiyo, ambayo vitabu vingi huanzia kuelezea utalii wa makundi, haikuwa ya kutazama mandhari. Walikuwa wanakwenda kwenye mkutano wa kupinga ulevi. Tukio ndilo lililozaa safari. Biashara bado iko hivyo hivyo.

Nadharia zipo, zisome, lakini usizikariri kama dua. Mchoro wa mtaalamu wa jiografia Richard Butler wa mwaka 1980, unaoonyesha jinsi eneo la utalii linavyogunduliwa, linavyokua, linavyodumaa na kisha ama kuporomoka ama kufufuka, utakutana nao tena na tena. Wahadhiri hawafurahishwi na mwanafunzi anayetaja hatua zote bila kuweza kusema eneo fulani liko hatua ipi na kwa ushahidi gani. Lingine: kiti kisichouzwa leo hakiuzwi kesho. Ndiyo maana sekta hii hupata kichapo cha ghafla kuliko nyingi. Mwaka 2019 watalii wa kimataifa walizidi bilioni 1.4 duniani, mwaka 2020 wakashuka hadi karibu milioni 400.

Sasa hili la saa za ukumbi lisome mara mbili.

Vyuo vingi hukupa zoezi la kuandaa hafla halisi, na alama zinatoka humo. Nilipangwa kwenye meza ya usajili ya kundi moja lililoandaa kongamano la siku nzima. Walikuwa makini kuliko wengi wetu: mkataba wa ukumbi umeandikwa, umesainiwa, malipo ya awali yamelipwa, risiti ipo. Kongamano lilikuwa la saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Wakakodi ukumbi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Umeliona tatizo? Wao hawakuliona, wala aliyepitia kazi yao hakuliona.

Saa kumi na mbili alfajiri fundi mitambo alifika na spika zake akakuta kufuli. Mlinzi hakuwa na ubaya. Karatasi yake ilisema saa mbili. Wapambaji wakafika, maua yakapangwa kwenye ngazi za nje. Wapishi wakafika. Saa moja na nusu wajumbe wakaanza kujipanga mbele yangu, na sina pa kuwapeleka. Mlango ulipofunguliwa wote wakaingia kwa mpigo: fundi anavuta nyaya katikati ya miguu ya wageni, mpambaji yuko juu ya ngazi, mshereheshaji anapuliza kipaza sauti kisichounganishwa. Mgeni rasmi, aliyefika kwa wakati kama barua ilivyomwelekeza, ameketi mstari wa mbele akimtazama mtu akitambaa chini ya meza kuu. Tulianza saa nne kasorobo. Mzungumzaji wa mwisho, aliyetoka mbali kuliko wote, akapewa dakika tano.

Jioni ikaja sehemu ya pili. Saa kumi walitakiwa wawe nje, lakini jukwaa halibomoki kwa maombi, na mwenye ukumbi alikuwa na shughuli nyingine usiku ule. Wakatozwa saa za ziada, zikameza karibu fungu lote la dharura. Na hakuna wa kumlaumu: mkataba ulitimizwa neno kwa neno.

Kwa hiyo ukumbi haukodiwi kwa saa za ratiba. Anza na mgeni wa kwanza kuingia, kisha hesabu kurudi nyuma. Kila kitu kiwe tayari nusu saa kabla yake. Kabla ya hapo kuna majaribio ya sauti na picha. Kabla ya hayo, meza na mapambo. Kabla ya hayo, jukwaa na nyaya. Kabla ya hayo, kushusha mizigo. Waulize mafundi wenyewe wanahitaji muda gani, usiwakisie. Ikionekana unahitaji usiku wa kuamkia siku hiyo, kodi na usiku. Kisha fanya hesabu ileile ya kutoka. Kwenye mkataba ziandikwe saa zote: ya kuingia kupanga, ya wageni, na ya kukabidhi ukumbi. Uliza pia nani anashika ufunguo, na akiugua nani anao wa pili.

Usalama wa umati usiufanye mada ya mwisho kabla ya mtihani. Kwenye tamasha la muziki la Love Parade mjini Duisburg, Ujerumani, mwaka 2010, watu 21 walikufa mahali ambapo waliokuwa wanaingia na waliokuwa wanatoka walikutana kwenye njia moja. Hakukuwa na moto wala bomu. Unapokagua eneo, usiishie kuhesabu viti. Tazama milango, upana wake, inafunguka upande gani, na watu watapishana wapi.

Mafunzo kwa vitendo tafuta nafasi mapema, na barua ya kukubaliwa iwe mkononi. Daftari lako lisainiwe kila wiki, maana msimamizi akihama kazi hakuna atakayekumbuka ulichofanya. Uliza kama utalipwa, usidhani. Uliza usafiri wa kurudi usiku, kwa sababu hafla haziishi saa za ofisi. Picha za wageni usizirushe mitandaoni bila ruhusa. Nakala za mikataba ziwe sehemu mbili. Namba za watoa huduma wawe nazo watu wawili, kwani simu huzima siku ileile unayoihitaji. Na chakula cha wafanyakazi kiingie kwenye bajeti, wasije wakaishia kuvizia sahani za wageni.