Jinsi ya kusajili wamiliki halisi wa kampuni Kenya, hata hisa zikiwa ng'ambo

Kila kampuni iliyoandikishwa Kenya inatakiwa kuieleza Serikali ni binadamu gani hasa anayeimiliki. Sharti hilo limo katika kifungu cha 93A cha Sheria ya Kampuni, na rejista ya kielektroniki ilianza kupokea taarifa Oktoba 2020. Kwa mume na mke wenye kampuni ya duka la vipuri Nakuru, kazi hii haichukui muda. Kwa kampuni ambayo hisa zake zinashikwa na kampuni nyingine ya Mauritius au ya Visiwa vya Virgin vya Uingereza, kujaza fomu ndiyo sehemu nyepesi. Jasho liko katika kumtafuta mwenye mali, kwa hiyo anzia hapo kabla hujafungua tovuti.

Chukua orodha ya wanahisa. Mtu huhesabiwa mmiliki halisi akitimiza hata sharti moja kati ya haya: ana asilimia 10 au zaidi ya hisa, ziwe kwa jina lake au kupitia wengine, ana asilimia 10 au zaidi ya kura, ana haki ya kuteua au kuondoa mkurugenzi, au ana ushawishi au udhibiti mkubwa juu ya kampuni. Jina la kampuni likitokea kwenye orodha, usiishie hapo. Omba orodha ya wanahisa wa kampuni hiyo, kisha ya iliyo juu yake, mpaka ufike kwa mtu mwenye tarehe ya kuzaliwa.

Tuseme kampuni ya Mauritius inashika asilimia 45 ya hisa zenu, na ndani yake Bwana A ana asilimia 30. Zidisha: 45 mara 30, gawa kwa 100, unapata 13.5. Anaandikwa. Bibi B ana asilimia 20 ya kampuni hiyohiyo, na hesabu yake inatoa 9 tu. Wengi humwacha hapo, na hilo ni kosa. Soma kwanza mkataba wa wanahisa: ukimpa haki ya kuteua hata mkurugenzi mmoja, naye anaandikwa.

Jihadharini na wakurugenzi wa kukodi. Nyaraka za Panama zilizovuja 2016 zilionyesha dunia nzima jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwekwa mkurugenzi wa makampuni chungu nzima asiyoyajua, ili jina la mwenye mali lisionekane. Wakala wa ng'ambo akikuletea jina la karani wake, likatae. Mwandikieni rasmi mnayeamini ndiye mwenye mali, mkitaka maelezo yake. Asipojibu, kanuni zinairuhusu kampuni kumpa onyo, na akiendelea kunyamaza, kuzuia haki zake katika hisa hizo. Andikeni barua hiyo, na nakala yake itunzwe na katibu wa kampuni.

Kwa kila mmiliki halisi kusanya jina kamili, namba ya kitambulisho au pasipoti, PIN ya KRA (namba ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato Kenya), uraia, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya posta, ya biashara na ya makazi, simu, barua pepe, kazi yake, namna anavyomiliki au kudhibiti kampuni, na tarehe alipoanza kuwa mmiliki. Tarehe hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika sana.

Sasa chukueni taarifa za fedha za kampuni zilizokaguliwa. Kenya inafuata viwango vya kimataifa vya uhasibu tangu 1999, na kiwango cha IAS 24 kinadai kampuni itaje kampuni mama na mwenye udhibiti wa juu kabisa. Tafuteni aya hiyo kwenye maelezo ya mwisho. Ikitaja mtu ambaye hayumo kwenye rejista yenu, simamisheni kila kitu na mwiteni mkaguzi. KRA inapokea hesabu zenu na inaweza kuiomba rejista pia. Hakuna maelezo ya bei mnazouziana na kampuni dada (zenye mmiliki mmoja na yenu) yatakayoaminika ikiwa hata mwenye kampuni hajulikani.

Baada ya hapo ingieni eCitizen, tovuti ya huduma za Serikali, kwenye huduma za Usajili wa Biashara (BRS), kwa akaunti ya mkurugenzi au katibu. Kampuni ya zamani ni lazima iwe imeunganishwa na akaunti kwanza. Chagueni kampuni, fungueni sehemu ya wamiliki halisi, jazeni, pakueni fomu ya BOF1, itieni sahihi, iskanini na kuipandisha.

Nakala ya rejista inatakiwa imfikie Msajili wa Kampuni ndani ya siku 30 tangu ikamilike. Mkikaidi, faini hufika shilingi 500,000, na 50,000 kwa kila siku kosa linapoendelea. Taarifa hizi hazifunguliwi kwa kila mtu. Wanaozipata hasa ni vyombo vya dola. Nadhani zingefaa kuonekana na wananchi wote, kwa sababu Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha chafu, yaani orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na usiri wa umiliki ni moja ya njia za kupitishia fedha chafu.

Mabadiliko yoyote yapelekwe ndani ya siku 14. Hisa zinaweza kuuzwa Mauritius bila mtu wa Nairobi kupigiwa simu, kwa hiyo wekeni kipengele kwenye mkataba wa wanahisa kinachomlazimu kila mwenye hisa za ng'ambo kumjulisha katibu siku ileile mauzo yanapofanyika.