Kabla Hujaanza Kuchora, Andikeni Kazi Itakuwa ya Nani

Vijana wanaokuja kwangu hapa Nakuru kujifunza kubuni nembo na mabango hutaka tuanze na programu za kompyuta. Mimi huwaanzisha na mkataba, maana inaniuma kuona mtu akikesha na kazi kisha asijue kwamba kisheria si yake tena.

Kwanza jiulize: umeajiriwa, au umeagizwa tu kazi moja? Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 kinasema hakimiliki huanzia kwa mtunzi. Lakini ukiitunga kazi katika majukumu uliyoajiriwa kufanya, inahesabiwa kuhamia kwa mwajiri. Mhasibu anayeandika hadithi za watoto jioni nyumbani kwake, hizo ni zake, kwa sababu hakuajiriwa kuandika hadithi.

Sasa sikiliza hili, wengi hawalijui. Kifungu hichohicho kinampa hakimiliki hata mteja aliyekuagiza, ingawa si mwajiri wako. Mwenye duka la mbolea Njoro akikuagiza nembo, na hamkupatana lolote kuhusu hakimiliki, nembo ni yake.

Ndiyo maana nawakataza kunakili mikataba ya Uingereza kutoka mtandaoni. Kule, kwa sheria ya 1988, mwajiri huchukua kazi ya mwajiriwa wake, lakini anayejitegemea hubaki na hakimiliki hadi aihamishe kwa maandishi. Mkataba ulionyamaza kuhusu hakimiliki unamlinda mchoraji wa London. Mkataba huohuo ukitumika Nakuru, unamfaidi mteja. Marekani nako mwajiri huhesabiwa kuwa ndiye mtunzi tangu mwanzo. Ujerumani hakimiliki yenyewe haiuzwi mtunzi akiwa hai. Mwajiri hupata haki za kuitumia kazi. Ufaransa kuajiriwa peke yake hakukunyang'anyi hakimiliki, ila kwa programu za kompyuta haki za kiuchumi huenda kwa mwajiri. Kwa hiyo ukipata mteja wa nje, uliza kwanza mkataba unafuata sheria ya nchi gani.

Dawa iko ndani ya kifungu cha 31 chenyewe: makubaliano yenu yanaweza kuzuia au kupunguza uhamisho huo. Mimi huandika hivi, juu kabisa, kabla ya bei:

"Hakimiliki ya kazi hii inabaki kwa mchoraji. Mteja anaruhusiwa kuitumia kwenye mabango, risiti na kurasa zake za mtandaoni baada ya kumaliza malipo. Michoro ya awali isiyochaguliwa ni ya mchoraji."

Mteja akitaka kila kitu, sawa, tunazungumza bei nyingine. Nyote wawili tieni sahihi kabla hujafungua kompyuta. Walioajiriwa, someni orodha ya majukumu yenu, na kama mna miradi yenu ya pembeni, itajeni kwenye mkataba.

Haki ya kutajwa kuwa mtunzi, na ya kupinga kazi yako kuharibiwa kwa namna ya kukuvunjia heshima, hubaki kwako hata hakimiliki ikishahama. Kusajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya si lazima, ila husaidia kama ushahidi. Rasimu zenye tarehe pia zitunze.

Na kama kazi imeshahamia kwa mteja naye amekubali kukurudishia, usitosheke na ahadi ya simu. Kifungu cha 33 kinataka uhamisho uwe kwa maandishi, wenye sahihi ya anayeutoa. Andika karatasi, mpelekee dukani, atie sahihi.