Namna ya kulinganisha ikolojia ya nchi kavu na ya majini

Wanafunzi wangu wa biolojia nikiwauliza tofauti ya mifumo hii miwili, wengi huanza kutaja wanyama: huku swala, kule samaki. Orodha hiyo haifiki mbali. Uliza kwanza kiumbe wa mahali hapo anahangaikia nini. Nchi kavu, mara nyingi ni maji. Majini ni mwanga, hewa na virutubisho.

Tafuta bwawa na kichaka kilicho kando yake. Beba kipimajoto, chupa ya kioo, sahani nyeupe na kamba. Usiende ukingoni peke yako.

Pima joto la hewa kivulini na la maji, alfajiri na tena mchana. Hewa itapanda sana. Maji yatasogea kidogo tu, kwa kuwa yanahitaji joto jingi ili yapande hata nyuzi moja.

Kisha piga mafundo kwenye kamba kila nusu mita, funga sahani pamoja na jiwe, uishushe polepole. Ikipotea machoni, hesabu mafundo yaliyozama. Padre Angelo Secchi, mwanaastronomia wa Italia, alipima uangavu wa bahari kwa njia hii mwaka 1865, na bado inatumika. Hata katika bahari safi kabisa, mwanga wa kutosha usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula kwa jua, hauvuki sana mita 200.

Sasa chota maji kwenye chupa, uyainue juani. Ule ukijani hafifu ni mwani mdogo usioonekana mmoja mmoja kwa macho. Hao ndio wazalishaji, yaani wanaojitengenezea chakula ambacho walaji hukitegemea. Kichakani mmea hujenga shina gumu ili usimame na kuwania jua. Majini hauna haja ya shina gumu, maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800 na huubeba yenyewe. Hapa naomba utulie, maana ndipo wengi wanapokwama. Mti hudumu miaka na uzito wake hulimbikizana. Mwani hugawanyika ndani ya siku chache na huliwa upesi. Kwa hiyo baharini, ukipima uzito kwa wakati mmoja, walaji wanaweza kuwazidi wazalishaji, na piramidi, ule mchoro unaoweka wazalishaji chini na walaji juu yao, ikasimama kichwa chini. Si kosa la hesabu: angalia kinachozalishwa kwa mwaka, si kilichopo leo.

Upande wa hewa, tofauti ni kubwa mno. Lita moja ya hewa ina takriban miligramu 280 za oksijeni; lita ya maji yenye nyuzi 20 hubeba kama 9 tu, na yakipata joto hupungua. Ndiyo maana nasisitiza alfajiri: usiku kucha mimea ya majini imepumua bila kutengeneza oksijeni, na saa hiyo huwa imebaki kidogo kuliko wakati wowote. Ukiona samaki wanatweta juu ya maji, umepata jibu bila kifaa chochote.

Malizia chini. Fukua majani makavu kichakani: yanaoza pale pale yalipoanguka, na mizizi inanyonya virutubisho vyake. Kisha chokoa tope la bwawa kwa kijiti. Likiwa jeusi na kunuka yai viza, huko oksijeni imekwisha, na virutubisho vilivyozama vitasubiri maji yavurugike ndipo virudi juu kwenye mwanga. Andika vyote daftarini siku hiyohiyo, pamoja na saa uliyopima.