Kupiga pointi dohani ya nyumbani: hesabu yangu ya Tabora

Dohani ya jiko langu, ile njia ya moshi, ilihitaji kupigwa pointi, yaani kukwangua mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) iliyooza kati ya matofali na kujaza mpya. Fundi wa kwanza aliikagua akiwa chini, mikono mfukoni. "Mama, hapa laki tatu na themanini. Saruji mifuko mitatu." Nikamwambia ahsante baba, nitakupigia. Sikumpigia. Mimi naoka mikate nyumbani hapa Isevya tangu wanangu wakiwa shule ya msingi, na mtu anayepima unga kila alfajiri huwezi kumtajia mifuko mitatu akaitikia tu.

Nilichukua futi kamba ya binti yangu. Dohani ni ya matofali ya kuchoma, kila upande sentimita 60, na juu ya bati imechomoza mita moja na nusu. Pande 4 mara 0.6 mara 1.5, ni mita za mraba 3.6. Katika mita moja ya mraba ya matofali yetu haya, viungo vyote ukiviunganisha, vya kulala na vya kusimama, vinafika karibu mita 15. Unene wa kiungo ni sentimita moja na nusu, kina cha kujaza sentimita mbili na nusu. Piga hesabu yote hiyo, dohani nzima inakula kama lita 20 za mota. Ndoo moja! Weka na ya kumwagika, ndoo moja na nusu. Humo saruji haizidi kilo saba. Mifuko mitatu ni kilo 150. Hizo nyingine zilikuwa zinakwenda kujenga kwa nani?

Lakini kabla ya kutafuta fundi, hakikisha kama kazi ipo. Chukua msumari wa inchi nne, ukwangue kiungo. Ukitoa vumbi kidogo tu ukagoma, achana nacho. Ukizama na mota ikamwagika kama mchanga wa mtoni, hapo pamekwisha. Kwangu upande unaopigwa na mvua ndio ulikuwa umeoza, na ndani ya dari, pale dohani inapopita karibu na kenchi, niliona alama nyeusi za moshi kwenye matofali. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Cheche ikipata njia pale, mbao hazisubiri.

Fundi wa pili ni mzee aliyejenga mabani, nyumba za kukaushia tumbaku kwa moto, miaka mingi huko Urambo, kwa hiyo moshi na matofali anavijua. Yeye alipanda. Alishuka na kipande cha tofali, akakiparuza kwa kucha, unga mwekundu ukadondoka. "Unaona mwanangu, tofali hili ni laini. Ukilibana kwa saruji kali litakufa." Akanieleza: maji yanayoingia ukutani hutoka kupitia kiungo. Kiungo kikiwa kigumu kuliko tofali, maji yanatafuta njia kwenye tofali lenyewe, na baada ya masika mawili matatu uso wake unabanduka kama ganda la muhogo. Kwa hiyo alichanganya saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, kwa kopo lile lile. Saruji ya 32.5 (namba ya nguvu iliyoandikwa kwenye mfuko) inatosha kabisa, ukiambiwa ni lazima 42.5, ile kali zaidi, kataa. Mchanga aliuchekecha kwa wavu wa dirisha.

Sasa fedha. Saruji nilinunua ya kupima, kilo 10, shilingi 5,000. Chokaa mfuko mmoja 7,000, mchanga ndoo nne 2,000, matofali 12 ya kubadilisha yaliyoliwa 1,800. Yaani vifaa vyote vya ukutani havikufika elfu kumi na sita. Mirunda ya jukwaa nilikodi 10,000, misumari 8,000, guta la kuileta na kuirudisha 5,000. Fundi siku tatu kwa 25,000 ni 75,000, kibarua wake siku tatu kwa 12,000 ni 36,000. Jumla 149,800. Ni bei za Agosti iliyopita, zako zitapanda au zitashuka, ila uwiano utabaki hivyo: karibu robo tatu ni mikono ya watu. Ukitaka kupunguza gharama usibane saruji wala usikate jukwaa. Ngazi ya kuegemeza kwenye dohani iliyooza ni kaburi. Bora uunganishe kazi: mtu akiwa juu tayari, azibe na bati pale dohani inapokutana na paa, na alitengeneze lile zege la juu linalomwaga maji. Mimi nilikuwa na kipande cha bati stoo, hilo halikunigharimu.

Kuna gharama ambayo fundi haandiki. Jiko lililala siku kumi. Wateja wawili wa boflo hawajarudi mpaka leo.

Siku ya kwanza na nusu yote ilikwenda kwenye kukwangua, kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo. Hapa ndipo pa kusimamia. Fundi mvivu hupaka mota juu ya ile iliyooza, inang'aa wiki mbili kisha inadondoka yote. Mwombe akuite kabla hajaanza kujaza, upime kwa kijiti: kina kisipungue sentimita mbili. Kisha vumbi lipigwe brashi, matofali yamwagiwe maji mpaka yashibe bila kutiririka, maana tofali kavu hufyonza maji ya mota ikabaki unga. Mzee alishindilia kwa tabaka mbili, akamalizia kwa kipande cha nondo kilichopindwa, kiungo kikabonyea kidogo katikati. Alichanganya kidogo kidogo, ya kumaliza ndani ya saa mbili. Ilipokauka kwenye karai, kibarua alitaka kuiongezea maji. Mzee aliimwaga chini bila neno.

Ndani, karibu na moto, hakuweka saruji, joto linaivunja. Alipaka udongo wa kichuguu uliokandwa na kulazwa usiku mmoja.

Fanyeni kiangazi, Novemba mvua haziko mbali. Jua la mchana nalo ni adui: tulifunika kwa magunia yaliyolowa siku tatu, nikawa nanyunyiza asubuhi na jioni. Wiki ikatimia ndipo nikawasha vijiti vichache tu, kesho yake kuni mbili. Siku ya tatu nilitupia majani mabichi ya mwembe ili moshi uwe mzito, kijana wangu akapanda darini na tochi. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikamwita.

"Hamna kitu mama," akasema. "Buibui tu."