Kamba imekatika ila hakuna aliyeumia: bado andika ripoti

Vijana mnaoanza kazi za meli hapa Mtwara, ripoti inayoachwa kuliko zote ni ya tukio ambalo halijaumiza mtu. Tunasema Mungu kasaidia, kazi inaendelea. Na mi nilikuwa hivyohivyo mpaka siku moja tuko gatini tunapakia korosho, kusi imekaza, kamba ya nyuma inayofunga meli gatini ikakatika ikarudi kama mjeledi ikapiga winchi (mashine ya kuvutia kamba), palepale alipokuwa kasimama dogo mmoja ambaye ndo kwanza alikuwa kaenda kunywa maji. Rangi ya winchi ilibanduka upana wa kiganja. Miguu iliniisha nguvu.

Basi likitokea, kwanza simamisha kazi, toa watu pale, mwambie ofisa wa zamu. Kama mtu kaumia au kaanguka majini, king'ora na redio chaneli 16 kwanza, karatasi baadaye.

Pili, usisafishe kitu. Piga picha, tunza kilichokatika. Sisi kamba ile tulitaka kuitupa, bosun (mkuu wa mabaharia wa sitaha) akagoma, kuja kuiangalia vizuri nyuzi zilishalika siku nyingi pale inaposuguana na chuma.

Tatu, jaza fomu ya ripoti siku hiyohiyo kabla stori hazijachanganyika. Saa, sehemu, upepo, kazi gani ilikuwa inafanyika, nani kasimama wapi, taja vyeo sio majina. Hapa ndo wengi wanaharibu: usiandike "uzembe wa baharia", andika "kamba imelika futi mbili kutoka kwenye kitanzi, ukaguzi wa mwisho haupo kwenye daftari", maana uzembe hauna dawa ila daftari lina dawa. Kingereza kikikupiga chenga andika Kiswahili, ofisa atakusaidia kutafsiri, bora hivyo kuliko kunyamaza.

Fomu inaenda kwa kapteni. Akiikalia, kwa meli zinazofuata ISM, kanuni za kimataifa za usalama wa meli (meli za mizigo za safari za nje, tani 500 kwenda juu, zimebanwa tangu 2002) kuna DPA, mtu wa kampuni aliyeko nchi kavu anayefika mpaka kwa wakubwa moja kwa moja, namba yake itafute ukipanda tu meli. Usalama wa vyombo majini serikalini unasimamiwa na TASAC, huko pia unaweza kupeleka.

Halafu fuatilia, uliza kimebadilika nini. Sisi tulipata kamba mbili mpya, na ukaguzi kila kabla ya kufunga gati, daftari analishika yuleyule dogo.